Mtaji wa soko ukishuka Dar, tazama kwanza Nairobi

Kila wiki inapoisha, taarifa ya Soko la Hisa Dar es Salaam (DSE) huja na mistari ileile: mauzo yamepanda au kushuka kwa asilimia kadhaa, mtaji wa soko umefikia trilioni fulani, viashiria (vipimo vya mwenendo wa bei za hisa) vimesogea pointi kadhaa. Mwekezaji mdogo akisoma "mtaji wa soko umeshuka" anampigia dalali auze. Mara nyingi hisa zake hazijaguswa kabisa, na inauma kuona watu wakipoteza fedha namna hiyo.

Mtaji wa soko ni bei ya kila hisa mara idadi ya hisa zote za kampuni, kisha unajumlisha kampuni zote. Ndani ya jumla hiyo zimo kampuni za Kenya zilizoorodheshwa katika masoko ya Nairobi na Dar, kama benki ya KCB, kampuni ya bia ya EABL na ya bima ya Jubilee. Bei zake Dar hufuata Nairobi, zikabadilishwa kuwa shilingi yetu. EABL ina hisa karibu milioni 790. Ikishuka Nairobi kwa shilingi 5 za Kenya, na tuseme shilingi 1 ya Kenya ni 20 za Tanzania, mtaji wa soko la Dar unapungua takriban Sh bilioni 79 bila hisa hata moja kuuzwa hapa. Shilingi yetu ikiimarika dhidi ya ile ya Kenya, mtaji hupungua vilevile hata kama Nairobi bei zimetulia.

Kwa hiyo soma viashiria viwili kwa pamoja. DSEI hubeba kampuni zote, TSI hubeba za ndani tu. DSEI ikishuka huku TSI ikipanda, mwenye hisa za kampuni za ndani kama benki ya NMB au saruji ya Twiga hana sababu ya kuuza kwa ajili ya kushuka huko.

Hata ndani ya TSI kampuni hazilingani uzito. Benki ya CRDB ina hisa takriban bilioni 2.6, NMB milioni 500. Bei ya CRDB ikisogea shilingi 10 tu, mtaji husogea Sh bilioni 26. NMB lazima isogee Sh 52 ili kufikia hapo.

Kwenye mauzo, angalia kaunta, yaani hisa za kampuni gani ndizo zilizouzwa. Wiki ambayo mauzo yameongezeka mara tano, huenda taasisi mbili zimebadilishana hisa za kampuni moja kwa mkupuo, kwa bei waliyokwisha kukubaliana. Hiyo haikuambii wanunuzi wameongezeka. Na bei iliyopanda asilimia 8 kwa hisa 300 zilizouzwa ni uamuzi wa mtu mmoja au wawili. Mwombe dalali oda zilizobaki bila kutimizwa: kama wauzaji wamepanga hisa 200,000 na wanunuzi 4,000, bei hiyo haitakaa.

Msimu wa gawio, faida wanayogawiwa wenye hisa, pia huchanganya. Hisa ikianza kuuzwa bila gawio, bei hushuka, kwa kuwa mnunuzi mpya hapati fedha hiyo.

Kabla ya kuuza kwa sababu ya wiki moja, piga hesabu ya makato ya dalali na soko. Kwa oda ndogo ni kama asilimia 2 ukinunua na nyingine 2 ukiuza. Hisa za Sh 1,000,000 zinakugharimu 1,020,000. Zikipanda asilimia 3 ukauza, unabaki na 1,009,400: hasara ya 10,600. Ukiwa na sababu ya kweli ya kuuza, andika kikomo cha bei kwenye oda, yaani bei ya chini kabisa unayokubali. "Bei ya soko" kwenye kaunta isiyo na wanunuzi hukupeleka hadi kwa mnunuzi wa chini kabisa.