Kuimarisha vikombe vya shokapu za mbele kwenye gari dogo

Gari dogo linaloshinda kwenye barabara ya vumbi yenye rasta na makorongo huumia mahali ambapo wengi hawapatazami: kile kikombe cha bati chini ya boneti ambako kichwa cha shokapu hufungwa kwa nati tatu. Kwenye Vitz za 2005 hadi 2010 hukioni mpaka uvue mikono ya waipa na ile plastiki iliyo chini ya kioo, kwa hiyo ufa hugunduliwa ukiwa umeshatambaa.

Osha kikombe, kikaushe, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka na kuuchora kwenye chaki. Halafu laza rula ya chuma juu yake uone kama katikati pamevimba, na upime umbali kati ya nati za kushoto na za kulia, moja kwa moja na kwa mshazari. Mishazari isipolingana, gari liende kwanza kwa fundi wa kunyoosha bodi. Ukichomelea bati juu ya kikombe kilichopinda, umeufungia ubovu ndani.

Kabla ya bati, ondoa kinachopiga. Shokapu iliyokufa, raba ya povu iliyooza kwenye fimbo yake, au mauntingi (kile kitako cha raba na chuma kinachoshika kichwa cha shokapu) iliyokatika huacha chuma kigonge chuma. Zile raba zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi ili kunyanyua gari nazo ni adui: zinapunguza mizunguko inayofanya kazi, springi inakuwa ngumu, na kishindo chote kinapanda kwenye bodi. Zitoe.

Bati liwe la chuma laini, milimita 2. La milimita 4 linavutia, lakini bati la bodi lenyewe ni jembamba, na ufa mpya utaanza pembeni mwa kiraka, pale ugumu unapokoma ghafla. Sababu hiyohiyo inataka kona ziwe za mviringo, na bati lishuke ubavuni mwa kikombe hadi lifike penye bati mbili zilizoungana. Likae juu ya kikombe, kamwe si chini, maana chini ndipo mauntingi inapokaa. Hakikisha boliti za mauntingi bado zinachomoza angalau hesi mbili juu ya nati.

Tumia mauntingi ya zamani, isiyo na kazi tena, kama kipimo: ifunge mahali pake, shika bati kwa nukta chache, kisha ivue kabla ya kuchomelea kwa ukamilifu, kwani raba itaungua. Shokapu iwe imetoka. Betri ikatwe, kompyuta ya gari ichomolewe, nyaya na mabomba ya breki yafunikwe. Klipu ya athi (waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) ifungwe karibu kabisa na kazi, umeme usipite kwenye bearing.

Mwisho wa ufa toboa tundu la milimita 3, ndipo uuzibe. Kwenye bati jipya toboa matundu ya milimita 8 kila sentimita 4 na uyajaze kwa kuchomelea, kisha shona kingo vipande vya sentimita 2, ukihama upande hadi upande ili pasichemke. Mashine ya kuchomelea iwe ya CO2 yenye waya wa milimita 0.8 au 0.6. Ya vijiti hutoboa bati jembamba, na moto wa gesi husambaza joto mbali na kudhoofisha chuma cha jirani.

Maliza kwa praima ya zinki, sili kwenye viungo, na nta upande wa chini. Kutu ikiingia kati ya bati mbili hutaiona. Nati zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Nati hizo zikague tena baada ya wiki moja, kwani nati iliyolegea hupanua tundu lake.

Ile fimbo ya kuunganisha vikombe viwili huzuia visisogeleane kwenye kona. Kishindo cha shimo kinakuja kutoka chini, na huko haikusaidii.