Usiku tulipomvua cheo mwenzetu

Mwaka 2021 nilikuwa mmoja wa wasimamizi watatu wa jumuiya ya kujitolea iliyotafsiri programu huria kwa Kiswahili. Tulikuwa watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Bukavu ambao wengi hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Ofisi hatukuwa nayo, mshahara hatukulipwa, na ugomvi ulipozuka tuliumaliza kifamilia.

Mwezi wa Agosti dada mmoja, mgeni kati yetu, alinitumia picha za skrini. Mjumbe mkongwe aliyekuwa na mamlaka ya kuidhinisha tafsiri alikuwa akizifuta kazi za dada huyo dakika chache tu baada ya yeye kuziwasilisha, kisha saa saba usiku anamwandikia faraghani. Ujumbe mmoja ulisema: "Binti, chuo unachosoma nakijua. Nijibu kwa adabu." Dada huyo hakuwahi kukitaja chuo chake popote kwenye jumuiya. Mwishoni aliniandikia: "Kaka, naomba msaada, lakini jina langu lisitajwe mbele ya watu."

Ombi hilo ndilo lililotugawa. Mkongwe yule, ambaye wengi walimwita mwalimu, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya orodha yetu ya istilahi. Mwenzangu wa Mombasa alikumbusha yaliyotokea katika Wikipedia ya Kiingereza mwezi wa Juni 2019, pale Wakfu wa Wikimedia, shirika linaloiendesha Wikipedia, ulipomfungia mkabidhi mmoja, yaani mhariri mwenye mamlaka ya usimamizi, kwa mwaka mzima bila kuweka ushahidi hadharani wala kumpa nafasi ya kukata rufaa: wakabidhi wengi walijiuzulu kwa hasira, na mwezi wa Septemba kamati ya usuluhishi ya wahariri ikaitengua adhabu hiyo, ingawa hakurudishiwa ukabidhi. Hofu ya mwenzangu ilikuwa ya haki kabisa. Dawa aliyoipendekeza, yaani tuwaite wote wawili, waombane radhi, yaishe, niliikataa, na hadi leo naikataa. Suluhu ina heshima yake baina ya watu walio sawa. Hapa mmoja alikuwa na uwezo wa kuifuta kazi ya mwenzake, na huyo mwenzake angetakiwa kumsamehe mbele yetu wanaume watatu.

Kwa ridhaa ya dada, tulimpelekea mtuhumiwa maneno yake mwenyewe, herufi kwa herufi, tukampa wiki moja ajibu. Alijibu kwamba ulikuwa utani. Usiku huohuo tulimvua cheo na kumwondoa, tukawatangazia wajumbe sababu bila kuchapisha ujumbe wowote, na rufaa yake tukaikabidhi kwa wajumbe ambao hawakuhusika na shauri. Nao waliuthibitisha uamuzi.

Baadhi ya watu waliondoka naye, na orodha ya istilahi ilikaa miezi bila kuguswa. Utaratibu wa malalamiko uliandikwa na yuleyule mwenzangu wa Mombasa, na kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba mlalamikaji halazimishwi kukutanishwa na anayemlalamikia.