Usiku nilioifungua Katiba

Nakala ya Katiba ya Kenya ilikaa kabatini mwangu kwa miaka mingi bila kusomwa, ingawa mwaka 2010 nilipanga foleni tangu alfajiri kushiriki kura ya maoni iliyoipitisha. Niliifungua usiku ambao mpwa wangu alikamatwa na kuzuiliwa katika kituo ambako hakuna afisa aliyekubali kutueleza kosa lake. Kifungu cha 49 kilikuwa wazi: aliyekamatwa aelezwe sababu upesi, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kikao inayofuata ikiwa muda huo utakwisha mahakama imefungwa. Asubuhi nilimsomea afisa wa zamu maneno hayo kwa upole, naye, baada ya kimya kirefu, akafungua kitabu cha matukio. Jioni kijana alikuwa nyumbani. Nilishukuru, lakini moyo uliniuma kwa ajili ya wenzake waliobaki ndani kwa kuwa jamaa zao hawakujua pa kuanzia. Kifungu cha 3 kinamtwika kila mtu, wala si mawakili na majaji pekee, wajibu wa kuiheshimu na kuilinda Katiba. Tangu siku hiyo mimi na majirani huisoma kila Jumapili alasiri, kifungu kimoja kimoja.