Matundu ya Risasi katika Lango Jeusi

Mwaka wa pili wa masomo yangu mjini Tokyo, mchana mmoja wa mvua za Juni, nilijisitiri katika duka dogo la vitabu vya zamani mtaa wa Jinbocho, na humo ndimo nilimoonyeshwa picha ambayo hadi leo sijaacha kuifikiria. Ilikuwa picha ya samurai iliyochapwa kwa ubao, kazi ya Tsukioka Yoshitoshi, kutoka katika mfululizo wake wa 1868 na 1869 uitwao Kaidai hyaku sensō. Shujaa alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu, damu ikimchuruzika usoni, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kupita kiasi, wala hayakuomba sifa.

Picha za namna hiyo nilizipenda tangu zamani kwa ajili ya ushujaa wake, hasa zile za Utagawa Kuniyoshi, mwalimu wa Yoshitoshi, ambaye wapiganaji wake hukabili mawimbi, mazimwi na majeshi mazima. Kwa hiyo nilimwuliza mzee mwenye duka huyu alikuwa nani na alipigana vita gani. Akanijibu taratibu kwamba jina lililoandikwa ni la mpiganaji wa karne ya 16, lakini damu ni ya Ueno.

Kwanza alitaka niione kazi yenyewe. Mistari ya nywele, myembamba kama utando wa buibui, haikutoka kwenye brashi: mchongaji aliiacha imesimama juu ya ubao wa mcheri kwa kuondoa mbao pande zake zote mbili. Kisha akaigeuza karatasi ile ya mforosadi, nikaona nyuma yake alama za mviringo za baren, kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi ambacho mchapaji husugulia karatasi juu ya ubao, rangi moja baada ya nyingine.

Ndipo akanieleza habari ya Ueno, mtaa wa mji huo huo. Tarehe 4 Julai 1868, wafuasi wa Tokugawa, ukoo wa majemadari uliokuwa umetoka tu kupoteza utawala wa Japani, waliokuwa wamebaki mjini, kikosi cha Shōgitai, walishambuliwa na jeshi la mfalme katika hekalu la Kan'ei-ji, na kwa siku hiyo moja wakasambaratishwa. Yoshitoshi, mwenye umri wa miaka 29, alikwenda kuwachora wafu. Kuonyesha vita vya wakati huo waziwazi kulikuwa na hatari; mchoraji Utamaro mwenyewe alifungwa pingu siku 50 mwaka 1804 kwa picha zilizomhusu Hideyoshi, mtawala aliyekwisha kufa miaka mingi, na Kuniyoshi baadaye alimbadilisha jina Akechi Mitsuhide, mpiganaji wa zama hizo hizo za Hideyoshi, kuwa Takechi. Yoshitoshi naye akawavika marehemu wa Ueno majina ya mababu. Sisi tuliolelewa kwa mashairi ya mafumbo hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo, ingawa nakiri kwamba peke yangu nisingelitambua.

"Nenda Entsū-ji," mzee akaniambia. "Lango liko huko."

Nilikwenda Jumapili, kwa treni hadi Minowa. Mbele ya hekalu hilo, ambalo kasisi wake aliwazika Shōgitai 266 walioachwa uwanjani, limesimama Lango Jeusi la Kan'ei-ji, lililohamishiwa hapo mwaka 1907. Nguzo zake zimejaa matundu ya risasi, mengine yanaingia ncha ya kidole. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu, nikaacha. Mbao ile ilitobolewa na watu wasiojali itabaki na sura gani, na mbao nyingine, katika karakana mahali fulani mjini humo humo, ilichongwa mwaka huo huo kwa uangalifu wa unywele mmoja mmoja ili waliokufa langoni wapate nyuso.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Jinbocho. Sikuwahi kumaliza ombi langu. Mzee alikwisha kuitoa picha, akaiweka juu ya meza, akanivutia kiti.