Nilipoacha kujilazimisha kusoma nikaenda kutembea

Jamani mi nina ugonjwa mmoja, nasoma aya moja mara nne na bado sijui imesema nini. Macho yanapita kwenye mistari, akili iko kwenye simu, inatoka hapo inaenda kuwaza mtu aliyenijibu vibaya juzi, inarudi kidogo, inaondoka tena. Nilikuwa najitibu kwa kahawa, matokeo yake ni kuwaza yale yale ila kwa spidi zaidi.

Siku moja nimechoka kujigombeza nikatoka zangu nje, nikatembea kama dakika 20 hivi, ule mwendo wa mtu aliyechelewa, kijasho kinaanza lakini kuongea bado unaweza. Niliporudi ile aya nikaisoma mara moja ikaingia. Nikasema bahati tu hii. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa, ikawa hivyo hivyo.

Ndo nikaanza kuchimba nikakutana na kazi ya Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani. Mwaka 2009 walichukua watoto 20, siku moja wakawatembeza kwenye tredimili, ile mashine ya kutembelea ukiwa pale pale, dakika 20, siku nyingine wakawakalisha tu, halafu kila mara wakawapa mtihani wa umakini huku wamevaa kofia ya kunasa umeme wa ubongo.

Mtihani wa aina hiyo uko hivi, nilioujaribu mimi ni wa mishale. Inakuja mitano kwenye skrini, wewe unabonyeza upande unaoelekea ule wa katikati basi. Ikija > > > > > kitoto kabisa. Sasa ikija > > < > > kidole chenyewe kinataka kwenda na wale wa pembeni na wewe unakiona kinavyokwenda, unajiona mjinga kweli. Kumbe umakini sio kukodoa macho, kazi kubwa ni kuwapuuza hao wanne.

Wale watoto wakishatembea walipatia zaidi, na lile wimbi la ubongo linaloitwa P3 likawa kubwa zaidi. Hilo wimbi hutokea kama milisekunde 300 baada ya kuona kitu, hata nusu sekunde haijafika, na ukubwa wake unaonyesha ubongo umekipa kitu hicho umakini kiasi gani. Kilichonishika mimi ni kwamba hapo hakuna mtoto aliyefanya mazoezi miezi sita, ni kutembea mara moja tu.

Ukiendelea muda mrefu hiyo ni habari nyingine. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa wazee 120, nusu wakatembea dakika 40 siku 3 kwa wiki mwaka mzima, nusu wakawa wanajinyoosha viungo. Waliotembea hipokampasi, ile sehemu ya kumbukumbu, iliongezeka kama asilimia 2, wenzao ikapungua.

Lakini tusidanganyane, mwaka 2023 kuna watafiti walipitia majaribio mengi ya mazoezi na akili kwa watu wenye afya wakasema ushahidi bado ni dhaifu kuliko inavyotangazwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kimbia utakuwa jiniasi mpe pole. Mi mwenyewe niliwahi kujifanya mwanariadha, nikakimbia mpaka naona nyota, niliporudi sikusoma hata mstari, nililala kitabu kikiwa usoni.

Jana nimecheza ule mchezo wa mishale kabla ya kutembea nikakosea mara saba, nimerudi nimekosea mara mbili, nikafurahi weeee. Halafu nikakumbuka mara ya pili mkono ulikuwa umeshauzoea mchezo. Kesho nitaanza kutembea ndo nicheze, nikirudi nipumzike nicheze tena, tuone itakuwaje.