Bugando au UDOM, na bodi ya mikopo bado haijasema kitu

Mwaka ule jina langu lilitoka kwenye ile orodha ya TCU, tume ya vyuo vikuu, ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja, MD (udaktari) kote kote, UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, na chuo cha Bugando, nyumbani wanapiga vigelegele na mimi nimeshika simu nangoja meseji yenye namba ya kukonfemu na sijui nakonfemu wapi.

Kwetu Mwanza, kwa hiyo Bugando ni daladala tu umefika, unalala kwa mama unakula kwa mama. Mjomba, ambaye mambo ya hela ndo mwenye sauti, alishaamua kabla sijafungua mdomo. Dodoma kuna nauli kila likizo, hosteli, chakula, godoro, ndoo, sijui pasi, Mwanza hivyo vyote havipo. Na hapo alikuwa na pointi, maana watu wengi wanalinganisha ada tu wanasahau tumbo.

Sasa njoo kwenye ada yenyewe. UDOM ni ya serikali, Bugando ni ya Kanisa Katoliki, na pengo la ada ya MD kati ya chuo cha serikali na cha binafsi sio la kuziba kwa kubana boom, ile hela ya kula na kulala ya bodi. Alafu udaktari ni miaka mitano ndo uje mwaka wa intanshipu, wa mazoezi hospitalini, kwa hiyo kila laki unayoiona kwenye fomu ya kujiunga izidishe mara tano kwanza ndo useme tutajikusanya.

Kinachouma zaidi ni kwamba unakonfemu chuo kabla bodi ya mikopo haijatoa majina. Bodi inaweza ikakupa hela ya kula na kulala ikakunyima ada, au ikakupa ada asilimia kadhaa, inayobaki mtajua wenyewe. Hesabu ya mjomba yote ilikuwa imekaa juu ya "mkopo utapata tu, udaktari ni kipaumbele". Nikamwambia mama tupige na hesabu ya kukosa kabisa. Mama anauza dagaa Mwaloni, tukafungua kaunta buku lake, tukaangalia msimu ukiwa mzuri anabaki na ngapi na zile siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, anabaki na ngapi. Bugando bila mkopo nilikuwa narudi nyumbani mwaka wa kwanza haujaisha. UDOM bila mkopo tungeteseka ila tungefika. Mama akafunga buku akasema haya, Dodoma. Mjomba akanuna wiki nzima.

Sio kwamba Bugando sikuipenda, wodini ndo ilikuwa inanivuta zaidi, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima, wagonjwa wa kila aina wanashushwa pale. Ila Dodoma nako Benjamin Mkapa iko pale pale chuoni na mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, sio kwamba unaenda kusoma kwenye picha. Kama na wewe unalinganisha, usiwaulize wa mwaka wa kwanza, wale bado wanapiga selfi na koti jeupe, tafuta wa mwaka wa nne umuulize wodini mnasimama wangapi kwa mgonjwa mmoja, anayewafundisha raundi ni spesho (daktari bingwa) au ni intern aliye kwenye intanshipu, na mtu akisapu, yaani akirudia mtihani, anasaidiwa au anangojwa adisko, aondolewe chuo kwa kufeli.

Na kuna la nyumbani ambalo mjomba hakuliweka kwenye hesabu. Mimi ni binti wa kwanza. Nikikaa nyumbani napika, napeleka wadogo shule, mzigo ukiingia Mwaloni naitwa, anatomi nasoma saa ngapi?

Majina ya bodi yalipotoka nikapata boom yote na ada nusu. Nusu ya ada ya UDOM mama aliimudu kwa kudunduliza, nusu ya kule kwingine sijui tungeitoa wapi. Na hiyo hela sio sadaka jamani, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka iishe, kwa hiyo hata kama una uhakika bodi itakupa ada yote, ada kubwa utakuja kuilipa mwenyewe ukishakuwa daktari.