Siku moja maishani mwangu: Ijumaa kabla ya robo fainali ya Goa

Mimi ni mtayarishaji wa kipindi cha michezo katika redio moja ya Dar es Salaam, na siku ninayoisimulia ni Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 2022, mkesha wa mechi ya robo fainali kati ya Tanzania na Kolombia katika Kombe la Dunia la wasichana wenye umri wa chini ya miaka 17, lililokuwa likichezwa nchini India, mechi hiyo ikiwa imepangwa katika jimbo la Goa.

Saa 11:00 alfajiri niliamka na kufungua simu kabla hata ya kunawa uso. Makundi ya WhatsApp ya wanahabari wa michezo yalikuwa yamefurika ujumbe, na karibu wote ulihusu Jumapili, tarehe 23, siku ya Simba na Yanga. Serengeti Girls, yaani hao wasichana wetu wa chini ya miaka 17, walikuwa wametajwa mara moja tu, na aliyewataja alijibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Saa 12:15 nilipanda mwendokasi Kimara. Nilisimama mpaka Kivukoni, huku vijana wawili waliokuwa pembeni yangu wakipanga viungo wa Jumapili kana kwamba wao ndio makocha.

Kikao cha chumba cha habari kilianza saa 2:00 asubuhi, na hapo ndipo kazi yangu ya siku ilipoanza kwa kweli. Mhariri alikuwa ameshagawa saa nzima ya kipindi cha jioni: watani wa jadi walipewa sehemu kubwa, ligi za Ulaya zikapewa kipande chao, na Serengeti Girls wakawekewa dakika tatu za mwisho, zile ambazo kwa kawaida huliwa na matangazo ya biashara. Nilimwambia kwamba kabla ya wasichana hawa hakuna timu ya soka ya Tanzania, ya wanaume wala ya wanawake, ya umri wowote, iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA, na kwamba tiketi hiyo waliikata kwa kuwatoa Kameruni kwa jumla ya mabao 5-1, mechi ya marudiano ikichezwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Nikamkumbusha kuwa tarehe 12 walifungwa 4-0 na Japani na watu wengi wakawafuta kichwani, kisha tarehe 15 wakawafunga Ufaransa 2-1, na tarehe 18 wakatoka sare ya 1-1 na Kanada. Pointi nne ziliwatosha kushika nafasi ya pili katika kundi na kuingia robo fainali, na Ufaransa na Kanada zikafungasha virago.

“Dada, mimi sibishi,” alinijibu, “lakini mdhamini amelipia Simba na Yanga.” Tulivutana, na mwishoni akanipa dakika kumi na mbili kwa sharti kwamba nizijaze kwa sauti za watu, si kwa maelezo matupu ya mtangazaji. Sharti hilo lilinipendeza kuliko alivyodhani.

Saa 4:00 nilikuwa Kariakoo na kinasa sauti, nikiuliza swali moja tu: mtaje mchezaji mmoja wa Serengeti Girls. Muuza jezi mmoja, ambaye kibanda chake kilikuwa nusu chekundu na nusu kijani na njano, alifikiri kwa muda, akavuta jezi moja iliyokuwa ikiteleza kwenye hanga, kisha akasema, “Yule aliyepiga ile penalti ya Wafaransa.” Alinisimulia penalti yenyewe kwa mikono, mpaka mahali kipa aliposimama, lakini jina hakulijua. Jina ni Christer Bahera, na bao la kwanza la siku hiyo lilifungwa na Diana Mnally. Watu wengi niliowauliza walikuwa hivyohivyo: waliyajua mabao lakini hawakuwajua wafungaji, na sioni kwa nini tuwalaumu wao ilhali sisi wa redio tunasema “mabinti zetu” kuanzia mwanzo wa kipindi hadi mwisho, kama vile timu haina majina. Mshambuliaji wa Simba au Yanga akipiga chafya, tunataja jina lake, la baba yake na klabu alikotoka.

Mchana wenzangu wengi walikwenda kwenye sala ya Ijumaa, nami nikala wali maharage kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi, haraka haraka, kwa sababu mechi ya Nigeria na Marekani ilikuwa inaanza saa 8:00. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na nusu hiyo huwapotosha wapanga ratiba kila mara: mechi ya saa 10:30 jioni kule ni saa 8:00 kamili mchana kwetu.

Tuliianza watu wawili mbele ya runinga. Marekani hawa ndio waliowafunga wenyeji India mabao 8-0, kwa hiyo Nigeria walipotangulia kwa penalti iliyotolewa baada ya mwamuzi kurejea VAR, yaani video ya marudio, watu walianza kuacha meza zao. Marekani wakasawazisha. Mashindano haya hayana muda wa nyongeza katika hatua hiyo, ikifika dakika ya 90 mkiwa sare mnakwenda moja kwa moja kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti, na Nigeria wakashinda kwa matuta 4-3. Nilipogeuka nilimkuta mhariri amesimama nyuma ya kiti changu.

“Kwa hiyo tukishinda kesho tunakutana na hawa?”

“Ndiyo, Mkuu. Nusu fainali, palepale Goa.”

Hakusema kitu kingine, lakini ratiba iliporudi saa 10:00 jioni, Serengeti Girls walikuwa wamehamishiwa mwanzo wa kipindi.

Saa mbili zilizofuata nilizitumia kuandika muswada, na sehemu iliyonisumbua ni Kolombia. Sikutaka mtangazaji aahidi ushindi. Upande ule alikuwapo Linda Caicedo, ambaye akiwa na miaka 17 alikuwa ameshachaguliwa mchezaji bora wa Copa América ya wanawake, mashindano ya mataifa ya Amerika Kusini, mwezi Julai na kucheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 mwezi Agosti, yote katika mwaka huohuo. Sisi tulikuwa tumefungwa mabao sita katika mechi tatu. Niliandika hayo yote kama yalivyo, nikaongeza kwamba Kocha Bakari Shime aliweza kuiinua timu siku tatu tu baada ya kipigo cha Japani, nikamwachia msikilizaji apime mwenyewe.

Saa 1:00 usiku tuliingia hewani. Mwalimu wa michezo wa shule moja ya sekondari alizungumza kwa simu kuhusu wasichana wanaofanya mazoezi kwa zamu kwa sababu viatu havitoshi, na alizungumza bila kulalamika, jambo lililofanya maneno yake yawe mazito zaidi. Kisha akapiga mzee mmoja wa Upanga, ambaye babu yake alihamia Dar es Salaam kutoka Goa kuwa karani enzi za ukoloni, akatusahihishia matamshi ya Fatorda, mtaa wa mji wa Margao wenye uwanja wa kesho, na akakiri kwamba ndugu zake wa kule amewaagiza wakaishangilie Tanzania. Dakika kumi na mbili zikawa kumi na nane. Aliyekuwa akisubiri zamu ya kuchambua Simba na Yanga alinionyesha saa yake kupitia kioo cha studio.

Saa 3:30 usiku nilikaa na fundi mitambo kupanga kipindi maalumu cha kufuatilia mechi. Niliwatumia watangazaji orodha ya wachezaji wote 21, nikiwaagiza waisome kwa sauti kabla ya kuja kazini. Mmoja wao alinipigia akiomba muda wa mapumziko autumie kwa habari za Jumapili. Nilimjibu, “Kaka, mapumziko ni dakika 15, na zote nimeshazipangia kazi.”